Kupasha si Kuazima

Kila mtoto wa Kimbale huijua Kanuni ya Kinywa kabla hajaweza kufunga kamba za viatu vyake. Huikariri katika shule ya Jumapili, mikono ikiwa nyuma, kwa sauti ile ile anayosemea Amri Kumi: Dawa hufuata mkono. Mdomo wenye dawa hauazimi chombo, wala hauazimwi. Chombo kilichoazimwa kitayeyushwa mbele ya macho ya watu.

Mwalimu Elisante Kazeni alikuwa ameifundisha Kanuni hiyo kwa vizazi viwili, na asubuhi hiyo ya Kwaresima aliketi katika kiti cha tabibu kama mtu anayejua haki zake zote. Kofia aliipakata magotini. Koti lake jeusi lilikuwa limepigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kumkata mtu.

"Fungua kinywa, Mjomba," alisema Namsifu.

"Nimefungua."

"Huko ni kutabasamu. Fungua."

Mwalimu akafungua. Namsifu, tabibu wa fizi wa mlima mzima wa Kimbale, mtoto wa dada yake Mwalimu, akainamisha taa. Hakuhitaji taa hiyo ili kujua hali ilivyokuwa. Alitaka tu Mjomba aone kwamba anatazamwa sawasawa. Fizi za mbele zilikuwa zimevimba na kung'aa, zimeachia meno kama kola ya shati iliyolegea shingoni. Jino la juu, upande wa kushoto, lilitikisika alipoligusa.

"Ugoro?" akauliza.

"Nimeacha."

"Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi, nilipokumbuka kwamba naja kwako."

Namsifu alitaka kucheka, lakini aliuma midomo. Alichukua glasi ndogo yenye maji ya kijivu na kumpa. "Mchwa. Usimeze."

Mchwa walikuwa mashine ndogo kuliko punje ya unga, zilizobuniwa kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa kwa chuma na jasho. Waliingia katika vifuko vilivyo kati ya fizi na mizizi ya meno, wakala ukoga uliogeuka jiwe, wakaacha mzizi uwe laini. Lakini hawakuwa na akili. Tabibu ndiye aliyewaongoza kwa fimbo ya sumaku nje ya shavu, akisikiliza kwa kidude cha sikioni. Mahali penye ukoga palikwaruza kama ufagio kwenye changarawe. Mahali palipokwisha kusafishwa palitoa mlio mwembamba, kama kidole kwenye kioo kilicholowa. Namsifu alisikiliza jino baada ya jino. Hii ilikuwa mara ya tatu Mjomba kukaa katika kiti hicho tangu Krismasi, na sasa, kwa mara ya kwanza, kila mzizi uliimba.

"Mkono umemaliza," akasema hatimaye. "Lakini vifuko viwili vya mbele bado ni virefu. Vijidudu vimejificha ndani ya nyama yenyewe. Hapo mkono haufiki."

"Basi dawa itafuata."

"Dawa itafuata."

Alifungua kasha la Akiba, hazina ya dawa ya Kimbale nzima. Ndani yake mlikuwa na majani: vipande vyembamba, kila kimoja mfano wa kucha iliyokatwa, vilivyowekwa kifukoni mwa fizi vikayeyuka polepole hata mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya mwisho. Nyingine zote zilikufa katika Miaka ya Ugumu, wakati watu walipozimeza kwa kila kikohozi na kila homa mpaka vijidudu vikajifunza kuzidharau, na bibi zao Wakimbale wakazikwa kwa jipu la jino. Jani peke yake lilikuwa bado linaogopwa. Watu wa Kimbale waliamua liendelee kuogopwa.

"Vile vitakavyobaki hai mdomoni mwako," Namsifu alisema, akibana jani kwa kibano, "ni vile sugu. Hapa vitakaa kifungoni, kwa sababu jani litakuwa juu yao kila saa, na mimi nitarudisha mchwa kuokota mabaki. Vikihamia mdomo usio na jani, vitapumzika, vitazaa, vitawafundisha wenzao. Kwa hiyo kikombe chako, kijiko chako, kipulizio chako—"

"Namsifu. Ni mimi niliyekufundisha maneno hayo."

"Ndiyo, Mjomba."

"Nitaweza kupuliza siku ya Pasaka?"

Hilo ndilo swali lililomleta. Tangu zamani za misheni, kikundi cha tarumbeta cha Kimbale hupanda makaburini alfajiri ya Pasaka na kuwapigia waliolala. Mwaka huo mmoja wa waliolala alikuwa Bi. Nakijwa, mke wa Mwalimu. Alipokuwa akikata roho, Mwalimu alimwahidi kwamba Pasaka itakapokuja atampulizia peke yake ubeti wa tatu wa wimbo alioupenda, bila msaada wa mtu.

"Meno yakikaza, utapuliza," alisema Namsifu. "Kwa kipulizio chako, katika tarumbeta yako. Yatakaza."

Mwalimu akatoa kipulizio mfukoni mwa koti, akakitazama. Kilikuwa kikombe kidogo cha fedha ambacho mpulizaji hubandika mdomoni, kimelika pembeni kwa midomo ya walimu wote waliomtangulia. Akakirudisha mfukoni, akavaa kofia, akatoka wima.

*

Wiki moja kabla ya Jumapili ya Mitende, Namsifu alikuwa akipita nyuma ya kanisa mchana, amebeba mchicha. Kikundi kilikuwa mazoezini uwanjani. Alisimama kusikiliza, kwa kuwa tarumbeta ya Mjomba ilikuwa imerudiwa na sauti yake. Ule mtetemo wa mwezi uliopita haukuwapo tena. Ilitoka safi, imenyooka, na Namsifu akaona fahari moyoni, fahari ya fundi anayeona mlango aliouchonga unafunga bila kusukumwa.

Kisha Mwalimu akasimamisha wimbo.

"Nanzia! Umepanda juu mno. Hiyo si sauti ya pili, hiyo ni filimbi ya polisi."

Wenzake wakacheka. Nanzia, mama kijana aliyepewa nafasi ya marehemu mjomba wake katika kikundi, alishusha tarumbeta yake. "Samahani, Mwalimu. Sauti inanikimbia."

"Haikukimbii. Hujaionja. Lete hapa."

Mwalimu alichukua tarumbeta ya Nanzia, akang'oa kipulizio chake, akachomeka kile cha fedha. Akapuliza sauti moja, ndefu, iliyotulia. Halafu, kama alivyofanya kwa kila mwanafunzi tangu ujana wake, na kama alivyofanyiwa yeye, akamrudishia tarumbeta kipulizio cha fedha kikiwa ndani yake, chuma kikiwa bado na joto la pumzi.

"Ishike kabla haijapoa."

Nanzia akabandika mdomo, akapuliza. Sauti ikakaa palepale.

Mchicha ulimdondoka Namsifu. Aliwaangalia wale watu waliokuwa wakimpongeza Nanzia, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Waliijua Kanuni wote. Walikuwa wamesimama ndani ya kosa kama mtu anavyosimama nyumbani kwake.

Alingoja mpaka mazoezi yakaisha, akamfuata Mwalimu chini ya kibanda cha kengele.

"Mjomba, umeazima kipulizio."

Mwalimu aligeuka. Uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli. "Mimi? Sijaazima kitu kwa mtu yeyote."

"Nimekuona. Umempa Nanzia."

"Nilimpashia. Kupasha si kuazima. Anayeazima huondoka na kitu. Anayepashiwa hupokea sauti na kurudisha chombo papo hapo. Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, Namsifu. Nayajua maneno."

"Vijidudu havijui maneno."

"Kanuni ndiyo iliyoandikwa kwa maneno." Mkono wake ukaenda mfukoni, mahali kilipo kipulizio, kama mtu anayegusa kidonda. "Wewe unafikiri nimemdhuru?"

"Sijui. Nitampima."

*

Nanzia alikaa kwenye kiti kile kile, mtoto wake akiwa amelala mgongoni. Alitema mate katika kioo cha kupimia. Kioo cha mwenye afya hubaki cheupe kama maziwa. Hiki kilianza pembeni, polepole, kikageuka zambarau.

Namsifu alikisogeza chini ya taa.

"Ni vibaya, Dada?"

"Unavyo vijidudu vilivyokwisha kulizoea jani. Bado ni vichache. Mtoto unamwonjea uji kwa kijiko chake?"

Mkono wa Nanzia ulikwenda nyuma ukashika mguu wa mtoto. "Uji ukiwa moto, ndiyo."

"Kuanzia leo usionje."

"Basi nipe na mimi jani, yaishe."

"Jani ndilo vililojifunza. Nikikupa jani nitakuwa navipeleka shule ya juu." Namsifu alivuta kigoda. "Nitakutibu kwa mkono. Mchwa kila wiki, maji ya kusukutua asubuhi na jioni, na kidonge kidogo ambacho hakiui kijidudu chochote. Kidonge hicho hukutuliza wewe. Mwili ukiona adui kwenye fizi huwasha moto, na moto huo huunguza hata mfupa wa nyumba yake. Tukiupunguza moto, fizi hubana, vifuko hufunga, vijidudu hukosa makazi. Ni njia ndefu, lakini inafika."

Nanzia aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema haraka, macho yakiwa kwenye sakafu, "Usimpeleke Mwalimu barazani. Mimi nitakunywa dawa zako zote na nitanyamaza. Wakisikia, watafunga vipulizio vyote. Pasaka itapita kimya. Mama Nakijwa alinishona gauni la ubatizo, Dada. Mwache mzee ampulizie mkewe. Nani atajua?"

Namsifu alikitazama kioo. Alikuwa anajua kwamba anaweza. Kioo kikisuguliwa kwa spiriti, zambarau hutoka. Nanzia angepona, au angalau alitumaini hivyo, mtoto angelindwa, Mjomba angesimama juu ya kaburi na kutimiza neno alilompa mtu aliyekuwa anakufa. Na mwalimu atakayemfuata angempashia mwanafunzi wake, na wa baada yake, kila mmoja akiwa na jani mdomoni na dhamiri safi, mpaka siku ambayo jani litawekwa katika fizi za mtoto mgonjwa wa bonde hili na vijidudu vitalipita kama mtu anavyopita jiwe njiani.

"Mimi najua," alisema. "Na wewe unajua. Tayari tuko wengi."

*

Kwa taarifa ya Namsifu, Baraza la Akiba, walinzi wa dawa ya jani, lilikutana katika ukumbi wa kanisa siku ya Jumatatu, baada ya chai ya saa nne. Mwenyekiti wake, Bi. Aikaruwa, alikuwa Mchaga aliyeolewa Kimbale zamani, mwanamke mnene, mkali, ambaye watani wake Wapare hawakuwahi kumshinda kwa maneno.

"Mwalimu Kazeni," alianza, "nimeambiwa umekuja na utetezi ulioandikwa. Enyi Wapare! Hata jino likiwalegea, mnalifungulia kesi."

"Afadhali sisi, Mama. Nyinyi Wachaga mngelitafutia mnunuzi."

Ukumbi ulicheka, na hofu ikapungua kidogo. Mwalimu alisimama, akavaa miwani. Alizungumza vizuri, kama alivyokuwa akizungumza sikuzote. Alionyesha kwamba Kanuni inasema kuazima. Kwamba kupasha ni desturi iliyokuwapo kabla ya Kanuni. Kwamba waandishi wa Kanuni walipuliza na kupashiwa wenyewe na hawakuitaja, na kwamba kisichotajwa hakihukumiwi. Hakumlaumu mtu. Aliomba tu neno lipewe maana yake. Alipoketi, wazee wawili walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali, na Namsifu aliona kwamba Mjomba wake anashinda.

Bi. Aikaruwa alikuna kidevu. "Maneno yenye shaka, Kanuni inampa tabibu ayafasiri. Atakavyosema, ndivyo itakavyokuwa, kwa leo na kwa kesho. Namsifu binti Mrutu, simama. Katika kazi yako, kupasha ni kuazima, au si kuazima?"

Namsifu alisimama. Aliona koti jeusi lililopigwa pasi. Aliona dirishani, juu ya kilima, misalaba myeupe ya makaburi. Alikumbuka jinsi Mjomba alivyomlipia karo alipofiwa na baba, na jinsi alivyomsimamisha mbele ya darasa kwa kosa la irabu moja, akamwambia arudie mpaka iwe sahihi, kwa sababu anampenda.

Akaweka kioo mezani. Zambarau yake ilionekana hadi viti vya nyuma.

"Hiki ni kinywa cha Nanzia," alisema. "Mwalimu anasema kwamba anayepashiwa hupokea sauti na kurudisha chombo. Ni kweli. Lakini joto lile alilolipokea Nanzia kwenye chuma lilikuwa nini? Lilikuwa pumzi na mate ya mtu mwingine. Chombo kilirudi kwa mwenyewe, kilichokuwa ndani yake hakikurudi. Kwa hiyo, katika kazi yangu, kupasha ni kuazima." Akamgeukia Mjomba. "Na huenda ni kuazima kubaya zaidi, maana hufanywa kwa upendo, na hakuna anayeangalia."

Mtoto wa Nanzia alipiga chafya mgongoni mwa mama yake.

Mwalimu Kazeni alikuwa hatazami watu tena. Alikuwa anatazama kioo. Kisha akamtazama yule mtoto. Akavua miwani, akasimama polepole.

"Mwenyekiti," alisema, "nafuta utetezi wangu. Tabibu amesoma sentensi yote. Mimi nilisoma neno moja."

Akatoa kipulizio cha fedha, akakiweka kando ya kioo.

Mzee mmoja akauliza kama hakiwezi kuchemshwa tu kisha kirudishwe, kwani kilikuwa cha tangu misheni na hakuna kingine. Bi. Aikaruwa alitikisa kichwa, na safari hii hakukuwa na utani usoni mwake.

"Kijidudu kitakufa kwa maji ya moto, Mzee Mbonea. Mazoea hayatakufa." Akaagiza kipulizio kifungiwe katika chupa mpaka Nanzia atakapotangazwa kupona, kwa kuwa Kimbale adhabu haitangulii tiba. Vipulizio vyote vya kikundi vikafungwa pia mpaka kila mdomo upimwe. Na kama Nanzia hatapona, Mwalimu hatafundisha tena.

*

Alfajiri ya Pasaka walipanda makaburini mikono mitupu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, wengine kwa huruma, wengine kuona kama Mwalimu atathubutu kuonekana.

Alikuwapo mbele, kofia mkononi. Alipoinua kidole, wapulizaji walifunga midomo na kuvumisha sauti zao kifuani, kila mmoja ile ya tarumbeta yake. Mvumo ukashuka kilimani kama nyuki wengi walio salama. Ubeti wa tatu wote walinyamaza, wakamwachia yeye. Mwalimu aliuimba kwa sauti ya kizee, yenye mikwaruzo, mbele ya jina la Nakijwa, mpaka mwisho. Namsifu alisimama mbali, hakujua kama ana haki ya kusogea. Wimbo ulipokwisha, Mjomba aligeuka akamtafuta kwa macho, akamwita kwa mkono, kwa ukali, kama anavyomwita mwanafunzi aliyechelewa.

"Unasimama huko kama mgeni. Njoo umsalimie mkaza mjomba wako."

Akaja.

*

Njia ilikuwa ndefu, kama alivyosema. Nanzia alikaa katika kiti kile mpaka akakizoea, akawaita mchwa kwa majina ya wifi zake, akalalamika kwamba maji ya kusukutua yana ladha ya sabuni ya mkwe. Baada ya Pentekoste fizi zake zilikuwa za waridi, hazitoki damu, na vifuko vimefunga. Alitema mate katika kioo. Walikitazama wote wawili, vichwa vikigusana. Kilibaki cheupe. Wakaleta na cha mtoto, aliyelia sana kwa kuonewa. Nacho kilikuwa cheupe.

Siku hiyo hiyo Baraza lilikwenda kwa Mzee Sengondo, mhunzi wa ukoo wa Washana, ambao wamefua vyuma vya Upare tangu kabla ya misheni. Tanuru lilikuwa tayari. Watu walisimama duara. Mwalimu Kazeni alipokea chupa, akavunja lakiri mwenyewe, kwa kuwa Kanuni inataka mwenye chombo akitie motoni kwa mkono wake. Alikishika kwa koleo. Hakukibusu wala hakukiaga. Alikitia.

Fedha ilikaa kidogo kana kwamba inafikiri, kisha ikalegea, ikawa tone.

"Niifanye nini?" mhunzi akauliza.

"Vipulizio," alisema Mwalimu. "Changanya na shaba itoshe. Kila mpulizaji wangu apate cha kwake, na jina lake lichorwe pembeni, ili hata akitaka kusahau asiweze."

Bi. Aikaruwa akatangaza kwamba adhabu imelipwa, na kwamba hapana mtu atakayeitaja tena kwa ubaya.

Kipulizio cha kwanza kilipopoa, Mwalimu alimpa Nanzia. Nanzia alikichomeka katika tarumbeta yake, akainua, akapuliza. Sauti ilipanda juu mno. Mkono wa Mwalimu ulinyooka kuelekea tarumbeta, kwa mazoea ya maisha yote. Watu wakazuia pumzi. Ulifika nusu ya njia, ukasimama, ukarudi mfukoni ambako hapakuwa na kitu.

Aliinama karibu na sikio la Nanzia, akafungua kinywa chake, chenye meno yaliyokaza yote mahali pake, akamwimbia ile sauti.

"Ishike kabla haijapoa," alisema.

Nanzia akaishika.